MRI ya pili ndiyo iliyoamua upasuaji wa mama

Mnaouguza mtu mwenye saratani ya rektamu, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, mtaambiwa nilivyoambiwa mimi: "Picha si mnazo? Mnapiga nyingine ya nini?" Mjomba alisema, majirani wakasema, hata mhudumu mmoja wa hospitali. Ushauri mbovu, na mpaka leo unanikera.

Picha tuliyokuwa nayo, ya MRI (mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili), ilipigwa kabla mama hajaanza mionzi na vidonge vya kapesitabini, dawa ya saratani. Uvimbe ulikuwa umekaribia utando unaozunguka mafuta ya rektamu, haifiki hata milimita 1. Utando huo ndio mpaka anaoufuata daktari wa upasuaji. Uvimbe ukifika hapo, ni rahisi saratani kubaki ndani. Lakini mionzi huendelea kuunyausha uvimbe wiki nyingi baada ya dozi ya mwisho, ndiyo maana MRI hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya tiba, wengine husubiri zaidi. Bila picha mpya, tungempasua kwa ramani ya ugonjwa uliokwisha kubadilika.

Basi tukapiga. Laki kadhaa zikaondoka, ripoti ikaja na mstari mmoja wa maana: uvimbe umepungua. Daktari wa upasuaji akauliza, umepungua kutoka wapi? Umeachia utando? Uko umbali gani na misuli inayobana haja? Msomaji wa picha hakuwa na ile ya mwanzo wala hakuambiwa mgonjwa katoka kwenye mionzi. Na vipande vya picha vilikatwa kwa kufuata mwili tu, wala havikufuata mlalo wa rektamu.

Hapo nikakaza. Nilirudi ilikopigwa ya kwanza, nikakataa filamu, nikadai picha zote kwenye sidii. Wakasema mashine ya kunakili mbovu. Nikanunua sidii yangu na kukaa kwenye benchi mpaka mtaalamu mmoja akanionea huruma. Kisha nikamwomba daktari wa upasuaji aandike maswali yake kwa mkono: utando, misuli, tezi za limfu, mishipa ya damu, na kama kilichobaki ni kovu au uvimbe. Karatasi hiyo na sidii nikampelekea daktari wa radiolojia anayesoma nyonga kila siku. Akaagiza vipande vyembamba vya T2, aina mojawapo ya picha za MRI, vilivyokatiza rektamu sawasawa, akaziweka picha mbili kwenye skrini moja.

Ombeni karatasi hiyo mapema, na CT (picha ya eksirei ya vipande vipande) ya kifua na tumbo msiiache, maana MRI ya nyonga haionyeshi mapafu.

Majibu: palipokuwa uvimbe karibu na utando pana kovu, linaloonekana jeusi kwenye picha, na chini kuna nafasi juu ya misuli. Niliuliza kama tunaweza kutopasua kabisa, kwani daktari wa upasuaji Angelita Habr-Gama wa Brazil alichapisha mwaka 2004 matokeo ya wagonjwa ambao uvimbe wao ulitoweka wakafuatiliwa tu. Daktari wetu wa upasuaji akapima kwa kidole, akaingiza kamera, akakuta kidonda bado kipo. MRI peke yake huweza kuchanganya kovu na saratani ndogo, kwa hiyo nilimshukuru kwa kidole hicho.

Rektamu ikatolewa pamoja na mafuta yake, utumbo ukaunganishwa, misuli ikabaki. Maabara ikasema kingo zote za kilichotolewa ni safi, hazina saratani. Mama ana mfuko wa haja wa muda tumboni, na daktari ameshasema utaondolewa utumbo ukipona.