Bi Hawa, sanduku la bati na daftari langu: miaka yangu katika maktaba ya sheria Tabora

Nilipopangiwa kitengo cha sheria katika maktaba ya chuo hapa Tabora, sikuwa nimewahi kusoma hukumu hata moja. Nilikuwa na stashahada ya ukutubi niliyoipata Bagamoyo. Nilijua kwamba kwa mpangilio wa Dewey sheria inaanzia 340 na jinai iko 345, nilijua kuandikisha kitabu kipya, kukipiga mhuri na kukitafutia mahali pake kwenye rafu. Sheria yenyewe nimejifunza nikiwa kazini, na naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoniuliza kama mtu asiye na shahada ya sheria anaweza kuifanya kazi hii.

Wa kwanza kunifundisha alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Alikuja akasema, "Madam, naomba kesi ya Bi Hawa." Nilimpeleka kwenye rafu ya sheria za familia, akapata kitabu cha kiada chenye aya mbili kuhusu kesi hiyo, akazinakili na kuondoka ameridhika. Mimi sikuridhika. Aya zile zilisema tu kwamba Mahakama ya Rufani iliamua kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Nilitaka kujua huyo Bi Hawa alikuwa nani na alipata nini.

Kitabu cha kiada kilitaja Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ripoti za sheria za Tanzania za 1983, ukurasa wa 32. Juzuu hiyo kwetu haikuwepo. Ilinichukua wiki kadhaa za kuulizia kwa mawakili na kwa watu wa mahakama hadi nikaisoma, nimesimama, kwenye kivuli cha kibaraza. Jaji Mkuu Nyalali anaeleza kwa subira kubwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, na kwa nini kupika, kufua na kulea kunahesabiwa. Moyo ukanifurahi. Kisha nikafika mwishoni. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu katika nyumba ile. Fedha alizokuwa amekwisha kupewa na mumewe, ambazo mahakama iliona hakuzitumia ipasavyo, zilihesabiwa kuwa ndizo haki yake. Kesi iliyowafungulia mlango wanawake wengi wa Tanzania ilimwacha yeye nje.

Nilirudi kazini nikamtafuta yule kijana. Alikuwa ameshaandika kwamba Bi Hawa alishinda nyumba. Tukakaa tukarekebisha pamoja. Tangu siku hiyo nina sharti moja: sitoi kumbukumbu ya kesi kwa mwanafunzi kabla sijaiona hukumu yenyewe, na nisipoiona namwambia wazi kwamba sijaiona.

Nilianza pia kuingia darasani. Nilimwomba mhadhiri mmoja anikubalie niketi nyuma katika kipindi cha mbinu za sheria, naye akakubali. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tarehe 22 Julai 1920 inatajwa kila mara: sheria ya kawaida ya Uingereza (common law), kanuni za usawa (equity) na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika kule siku hiyo ndizo tulizopokea kuwa sehemu ya sheria zetu. Nikaelewa tofauti ya ripoti zenye hukumu kamili na zile za muhtasari za Mahakama Kuu zilizoanza 1967. Mwanafunzi anayenukuu muhtasari kana kwamba ni maneno ya jaji anajiweka pabaya, na mimi ndiye niliyekuwa nampa ule muhtasari bila onyo. Mhadhiri mwingine aliona si mahali pangu. Aliniambia kazi ya mkutubi ni kutunza vitabu, tafsiri ya sheria ina wenyewe. Iliniuma. Sikubishana naye, lakini sikuacha kuhudhuria.

Daftari lilianza wakati huo. Ni kaunta buku la kawaida lenye jalada jeusi. Kila swali nililoshindwa kulijibu nililiandika: tarehe, aliyeuliza ni nani (mwanafunzi, mwalimu, wakili, mtu wa nje), alitaka nini, nilitafuta wapi, nilikwama wapi. Mwanzoni nilifanya hivyo ili nisisahau. Baada ya mwaka nikaona mchoro unajitokeza. Hukumu za miaka ya karibuni hazikuwa tatizo, maana TanzLII, hifadhi ya Mahakama ya Tanzania kwenye intaneti, inazitoa bure. Sheria kuu za Bunge nazo zilipatikana. Tulichokuwa tunakwama nacho mara kwa mara ni sheria ndogo, zile zinazotoka kama Matangazo ya Serikali, hasa za miaka ya sitini. Moja liliandikwa daftarini tena na tena: Tangazo Na. 436 la 1963, lenye kanuni za urithi wa kimila.

Hili linahitaji maelezo, kwa sababu huku kwetu si jambo la vitabuni tu. Mirathi Tanzania Bara inaweza kufuata sheria ya Kiislamu, sheria ya urithi ya India ya 1865 ambayo bado tunaitumia, au sheria ya mila, kutegemea marehemu aliishi vipi. Kwa upande wa mila, tangazo hilo la 1963 ndilo linalosema kwamba mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Kanuni ya 20, inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, ndiyo iliyokuwa mbele ya Mahakama Kuu Mwanza katika shauri la Bernardo Ephraim na Holaria Pastory. Mwaka 2015 wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, jirani zetu kabisa, walisikilizwa na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na kamati ikaona haki zao zimevunjwa. Wanafunzi wangu walikuwa wanaandika juu ya haya yote wakati hakuna aliyewahi kuishika karatasi yenyewe.

Aliyenitoa ni mzee mmoja wa Isevya, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Nilielekezwa kwake na karani niliyekuwa nikimsumbua. Nilimkuta chini ya mwembe. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za nyumbani hadi za mashambani, nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati.

"Mwanangu," alisema, "hizi nimegawia mirathi miaka yote. Mtu aliponibishia nilikuwa namfungulia, anasoma mwenyewe."

Juu kulikuwa na magazeti ya serikali, yale yanayochapisha Matangazo ya Serikali, yaliyoshonwa kwa uzi wa viatu. Mchwa walikuwa wamepita pembe ya chini kulia, wakala nusu ya mistari ya mwisho katika kurasa saba au nane, wakaacha vumbi jekundu lililoganda kama udongo wa kichuguu. Nilipofungua, karatasi ilikuwa inavunjika kwenye mkunjo. Hakutaka zitoke pale, nami nilimwelewa. Nilirudi siku tatu mfululizo, nikazilaza moja moja juu ya mkeka, nikapiga picha kwa simu asubuhi kabla jua halijawa kali. Kurasa zilizoliwa alinisomea sehemu alizokumbuka. Niliziandika kwa penseli pembeni, nikiweka alama kwamba ni kumbukumbu yake na si maandishi. Baadaye nilipata nakala safi ya kulinganisha kupitia mkutubi mwenzangu wa Dar es Salaam. Mzee alikuwa amekosea neno moja tu.

Daftari lile ndilo lililokuwa msingi wa tasnifu yangu ya shahada ya uzamili. Msimamizi wangu alitaka kwanza nifanye dodoso. Nilimwonyesha daftari, akalipekua kimya muda mrefu, akasema tuanze na hili. Nilichopendekeza ni kitu kidogo: kila maktaba ya sheria ya mkoani iwe na orodha ya ilichokosa, si ya ilichonacho peke yake, na orodha hizo tubadilishane. Watatu tunafanya hivyo sasa. Orodha za vitabu tumeziweka kwenye Koha, programu ya maktaba isiyolipiwa. Za vilivyokosekana tunatumiana kwa simu kila mwisho wa mwezi.

Kazi haijaisha na haitaisha. Toleo la sheria la 2023 lilipoanza kutumika Julai 2025, vifungu vingi vilipewa namba mpya, ikabidi nipitie miongozo yangu yote ukurasa kwa ukurasa. Bado niko katikati.

Mwezi uliopita alikuja mama kutoka Uyui na binti yake. Mumewe amefariki, shemeji wanataka shamba. Mkutubi hampi mtu ushauri wa kisheria, na mpaka huo nauheshimu, kwa sababu nikikosea ni yeye atakayelipa. Nilimwandikia mahali pa kumpata msaidizi wa kisheria. Lakini kusoma ni haki ya kila mtu. Nikamtolea nakala ya tangazo, na hukumu ya Mwanza, na waraka wa ile kamati. Binti akasoma kanuni ya mjane kwa sauti ndogo. Mama akamwambia arudie. Aliporudia, mama akaomba nakala ya pili, ya kumpelekea shemeji yake, akazikunja zote mbili akazifunga kwenye pindo la kanga.