Chumvi ya Istanbul

Baridi hiyo nilikuwa Istanbul nasomea uzamili, na kazi niliyopewa maabara ni kupima unyevu wa hewa kwa kutumia tone. Tone lenyewe jembamba kuliko unywele: gliserini na maji kidogo, limetiwa rangi ya rhodamini, limekalishwa juu ya kioo kilichopakwa dawa inayokataa maji ili libaki duara. Tone la maji matupu la ukubwa huo lingekauka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Ukilimulika kwa leza ya kijani, linawaka rangi ya chungwa. Mwanga unanaswa ndani na kuzunguka ukingoni, vile mnong'ono unavyotambaa kwenye kuta za kuba la kanisa la St Paul's, London, jambo ambalo mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alilipigia hesabu mwaka 1910. Lakini si kila mwanga hudumu humo. Hudumu ule tu ambao mawimbi yake yanatosha kamili kwenye mzunguko wa tone, ndiyo maana kwenye skrini ya spektromita, chombo kinachotenganisha mwanga kwa rangi zake, huja mistari myembamba iliyosimama kama meno ya chanuo. Hewa ikiwa na unyevu, gliserini inavuta maji, tone linavimba, na mistari yote inasogea upande wa nyekundu. Hewa ikikauka, inarudi.

Sasa utajuaje mistari ikisogea hapa ni asilimia ngapi? Hapo ndipo chumvi inapoingia. Ilowanishe iwe uji mzito usioyeyuka wote, ifungie kwenye kisanduku, na hewa iliyo juu yake itajipanga yenyewe kwenye unyevu wake maalumu: chumvi iitwayo kloridi ya magnesiamu huishikilia karibu asilimia 33, chumvi ya kawaida asilimia 75.

"Unajua kwa nini 75?" profesa akanitega.

"Hocam, mimi nimekulia Tanga," nikamwambia, yaani "mwalimu wangu" kwa Kituruki. Kule masika yakianza, kopo la chumvi linalowa lenyewe mezani, na mama hutia punje za mchele ndani. Hewa ikivuka hiyo 75, chumvi inaanza kunywa maji mpaka inayeyuka. Habari ya mchele ilimchekesha sana.

Nikatoa sahani ya magnesiamu, nikaingiza ya chumvi (safi ya maabara, isiyo na madini joto). Mistari ikaanza kutambaa. Mmoja ukatokomea kulia mwa skrini, mwingine ukachomoza kushoto. Tone halina uvivu. Inayochelewa kutulia ni hewa ya kisanduku, basi tukangoja. Mwenzetu mmoja akaja na chai, profesa akamfukuza na mvuke wake hadi mlangoni. Mistari iliposimama, nikaandika mahali pa kila mmoja, kisha nikarudisha magnesiamu. Ikarudi ilikotoka, karibu palepale.

Usiku nikampigia mama, nikamsimulia kwamba kutwa nzima tulikuwa tunatazama chumvi ikilowanisha hewa.

"Na hiyo ndiyo wanayokulipia masomo?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Kula vizuri."