Vidole vimekumbuka

Nimetoka sasa hivi kwa mdogo wangu, Majengo hapa Moshi. Mikono bado inatetemeka.

Mnaonijua mnajua: nimekulia kwenye banda la gemu. Budokai Tenkaichi 3 ya 2007, ile gemu ya kupigana ya katuni ya Dragon Ball, kwenye PS2, wahusika 161 ukihesabu na maumbo yao, na pedi iliyoliwa mpira wote. Hela yangu ya maandazi iliishia pale.

Leo nimeigusa gemu iliyoifuata, Dragon Ball: Sparking! Zero, kwa mara ya kwanza. Imetoka tangu Oktoba 2024, ila PS5 si kitu cha kununua kwa mshahara mmoja.

Dogo akaniambia, "Kaka, usihangaike, weka vitufe vya kizamani."

Kumbe upo mpangilio huo! Nikaweka. Nikamchukua Vegeta, nikaanza kupigana na mashine, yenyewe ikiwa na Goku, mpinzani wake wa siku zote.

Jamani, vidole vilikumbuka! Kabla sijawaza, Vegeta yuko nyuma ya mgongo wa Goku. Nikambamiza kwenye mwamba, mwamba ukapasuka vipande, vumbi likatanda. Lilipotulia nikaona nguo yake imechanika begani. Nikabaki naliangalia lile bega mpaka nikasahau kupigana.

Kinachoniuma ni kimoja. Gemu ilipotoka, watu wawili kwenye TV moja walipewa uwanja mmoja tu, kile chumba cheupe kisicho na mlima wala maji. Sisi tuliokua tukigombania pedi kwenye benchi moja tulistahili zaidi.

Hata hivyo naipa tisa kwa kumi.

Wa banda la zamani, mlikuwa mnamchukua nani?