Mashine ya Salfa Iliyogoma Kuwaka Alfajiri

Mwishoni mwa Juni, mikorosho yetu hapa Newala inapoanza kutoa maua, saa chache za alfajiri huwa na thamani kuliko mchana mzima, kwa kuwa salfa ya unga hupulizwa upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa bado na umande wa kuishika. Ndiyo maana niliumia sana msimu uliopita nilipovuta kamba ya mashine zaidi ya mara kumi bila injini kukohoa hata kidogo. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu tunaouzuia kwa salfa hiyo, ukiyawahi maua, maua hukauka kabla ya kufunga korosho.

Nilikuwa nimeshashika bisibisi nifungue kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kama wengi wetu tufanyavyo, pale kijana jirani yangu ambaye ni fundi pikipiki alipofika.

“Shikamoo, mama. Iache kwanza kabureta. Tufungue plagi, hiyo ndiyo itatuambia pa kuanzia.”

Nimeuona ukweli wa maneno hayo, kwani plagi ndiyo hutoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Plagi ikitoka imelowa, petroli inafika, basi tatizo ni cheche au injini imemeza mafuta kupita kiasi. Ikitoka kavu baada ya kuvuta kamba mara zote hizo, petroli haifiki. Yetu ilitoka kavu kabisa. Hata hivyo tulihakikisha cheche ipo, kwa kuirudisha plagi kwenye kofia ya waya wake, kuegemeza chuma chake kwenye mwili wa injini na kuvuta kamba. Kabla ya hapo tulifunga tangi na kuipeleka mashine mbali na mifuko ya salfa, tena tukaifuta vumbi, kwa sababu unga wa salfa hushika moto kwa cheche ndogo tu. Nawasihi wakulima wenzangu msipuuze hatua hiyo. Cheche ilionekana, ya rangi ya samawati.

Kisha kijana alidondosha matone machache ya petroli iliyochanganywa oili kwenye tundu la plagi, akaifunga na kuvuta. Injini iliwaka kwa sekunde mbili, ikazima. Sasa tulikuwa na sababu ya kufungua kabureta.

Ndani ya bakuli lake, chini ya boya, palikuwa na utando wa kahawia unaonata, mfano wa utomvu wa mkorosho uliokatwa. Ilikuwa petroli yangu ya Septemba, ambayo niliiacha kwenye tangi miezi yote ya mavuno na masika. Sehemu yake nyepesi ilikwisha kupaa hewani, ikabaki gundi iliyoziba kitundu cha jeti, kile kijichuma kinachopitisha petroli kwa kipimo. Kijana aliloweka jeti kwenye petroli safi, akapitisha uzi mwembamba wa mshipi wa kuvulia samaki badala ya waya, kwani waya huikwangua shaba na kukipanua kitundu, na baada ya hapo injini hunywa mafuta ovyo. Sponji ya chujio la hewa nayo, iliyojaa salfa, tuliifua kwa maji ya sabuni na kuikausha.

Tuliweka mchanganyiko mpya. Injini hii haina oili yake ya pembeni, hivyo yangu huhitaji mililita 40 za oili ya 2T, yaani ya injini za mipigo miwili, kwa kila lita 1 ya petroli. Iliwaka kwa mvuto wa tatu. Ilizima tena baada ya dakika chache, lakini kulegeza mfuniko wa tangi kuliirudishia uhai: kitundu chake cha kupumulia kilizibwa na unga uleule.

Nilipuliza mistari minne kabla upepo haujaanza, mingine nikaimaliza kesho yake. Tangu hapo, msimu ukiisha, namwaga petroli yote, nawasha injini mpaka ijizime yenyewe, kisha naitundika mashine mbali na moto, wala siiweki tena katika chumba cha salfa.