Ngozi ya kitunguu chini ya hadubini

Mara ya kwanza kuchungulia ngozi ya kitunguu kwa hadubini nilidhani nimekosea: vyumba vitupu, yaani seli, vimepangwa kama matofali. Nikadondosha iodini. Ndipo kiini kikajitokeza, kidoa cha kahawia kilichobanwa ukutani na vakuoli, mfuko wa maji unaojaza karibu seli nzima. Kloroplasti, chembe za kijani zinazotengeneza chakula cha mmea, sikuziona: kitunguu hakitengenezi chakula, hukihifadhi tu.

Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza, mwaka 1665 aliona kuta za seli zilizokwisha kufa. Mimi angalau nilikiona kiini, kinachotunza DNA yenye maelekezo ya kutengeneza protini. Wanaozitengeneza ni ribosomu, ndogo mno kwa hadubini yangu.

Ila ninayoipenda ni mitokondria. Huitwa kiwanda cha nishati cha seli, basi, habari ikaishia hapo, na hilo huniudhi. Ina DNA yake yenyewe! Ilitokana na bakteria aliyemezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, asisagwe. Yangu nimeirithi kwa mama. Cha ajabu, seli zangu nyekundu za damu zilizokomaa hazina hata moja. Zimeitupa, pamoja na kiini, zipate nafasi ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni.