Saa ya mezani

Juzi tulikuwa tunahamisha kabati, ikadondoka saa ile ndogo ya mezani, ile ya kutia ufunguo kwa nyuma. Mama watoto akaiokota, akaifuta vumbi kwa kanga, akanitazama. Hakusema kitu. Mimi tayari nilikuwa nimerudi miaka 9 nyuma.

Wakati ule nilikuwa nafika kileleni mapema mno. Dakika moja, mara nyingine haifiki. Nilishajaribu kila nililosikia: kuhesabu kinyumenyume, kuwaza madeni, kujikaza. Kujikaza ndiko kulikonizidishia, maana mwili uliokakamaa hukimbilia mwisho. Ikafika mahali nikawa nachelewa kulala makusudi, nikimsubiri asinzie. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko zile dakika zenyewe.

Daktari alinipima, hakukuta ugonjwa, akatuelekeza kwa mshauri, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Akatupa zoezi walilolieneza watafiti wa mambo ya tendo la ndoa, William Masters na Virginia Johnson wa Marekani, kwa kitabu chao cha mwaka 1970. Sharti lake: wiki 2 bila tendo la ndoa. Tugusane kwa zamu, dakika 15 kila mmoja, mwili mzima isipokuwa matiti na sehemu za siri. Anayeguswa hana kazi ila kuhisi.

Usiku wa kwanza mke wangu aliitegesha ile saa, akaiweka kati ya mito. Nikalala kifudifudi. Mkono wake ulipotua kwenye kisogo, nilishtuka. Kwa miaka yote ile, akinigusa tu, nilikuwa najiona naitwa kwenye mtihani ambao nimeshaufeli. Taya nimeziuma, tumbo nimelivuta ndani, mapaja yamekaza kama ya mtu anayetaka kukimbia.

"Unaogopa nini, mume wangu?" akauliza. "Leo hakuna tunakokwenda."

Nikavuta pumzi kama tulivyofundishwa: tumbo liinuke kwanza, kisha hewa itoke taratibu kuliko ilivyoingia. Mara ya tatu, ya nne. Taya zikalegea. Kiganja kikashuka katikati ya mgongo, na hapo nikahisi kitu: chini ya kidole chake cha shahada palikuwa na sugu ndogo, ngumu kama punje. Tulikuwa na miaka 6 kwenye ndoa na sikuwahi kuijua! Nilikuwa wapi? Machozi yakanitoka kwenye mto. Saa ikalia. Akanyoosha mkono akaizima, akaendelea.

Yaliyofuata yalichukua miezi. Tulisonga hatua kwa hatua hadi kwenye njia aliyoiandika daktari James Semans mwaka 1956: kusisimuliwa, kusimama kabla ya kufika ukingoni, kupumua, kuanza tena. Nikajua kuutambua ule ukingo. Tulirudi nyuma mara kadhaa, na zipo siku hadi leo, hasa nikiwa na mawazo, mambo yanakwisha mapema. Tunabaki tumeshikana.

Sijui kilichonisaidia zaidi ni pumzi, ni mkono, au ni lile neno lake. Watu wakiniuliza, nawaambia waende wote wawili kwa mshauri.

Ila kuna jambo sijathubutu kumuuliza, na juzi nilikaribia, saa ikiwa bado mikononi mwake. Zile siku nilizokuwa nakaa sebuleni gizani nikimsubiri asinzie, sijui kama kweli alikuwa amelala.