Kumbukumbu ya visu vya kuchongea miiko: springi na tupa, wiki ya saba

Wiki hii nimevilinganisha kwa mara ya kwanza visu vyangu viwili nilivyovifua hapa Iringa, kimoja kwa kipande cha springi ya lori na kingine kwa tupa kuukuu. Chuma cha springi huwa na kaboni karibu asilimia 0.6, ilhali tupa halisi hupita asilimia 1, na kaboni hiyo ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu kinapozamishwa kikiwa chekundu.

Nasema tupa halisi kwa sababu ile ya kwanza, niliyoinunua mpya dukani, ilikuwa ngumu juujuu tu. Nilipoisaga hadi ndani, makali yalijikunja hata kwenye mparachichi, na siku tatu za kazi zikapotea. Ya pili nilipewa na seremala jirani. Niliipasha moto hadi sumaku ikaacha kuishika, yaani karibu nyuzi 770 za Selsiasi, kisha nikaizamisha katika mafuta ya alizeti yenye uvuguvugu, kwa kuwa maji huweza kuupasua ubapa mwembamba. Kwa haraka yangu niliijaribu kwenye mninga mkavu kabla ya kuirudisha motoni, nayo ikameguka kwenye fundo, ikaacha pengo dogo lenye umbo la ukucha. Nililisaga pengo hilo, nikakiweka kisu kwenye oveni kwa saa mbili katika nyuzi 200, hadi chuma kilichong'arishwa kikageuka rangi ya nyasi kavu.

Tangu hapo kisu cha tupa kimenifurahisha sana. Juzi nilichonga miiko minne ya mparachichi mbichi bila kukinoa, na mahali kilipopita mti ulibaki ukimetameta kana kwamba umepakwa nta. Kile cha springi, nilichokinoa kwa pembe ileile ya nyuzi 25, kilianza kuzichana nyuzi za mti kwenye mwiko wa pili. Hata hivyo, kwenye mninga wenye mafundo nakiamini zaidi cha springi, kwani makali yake hulala badala ya kumeguka, na dakika chache za kinoo huyarudisha.

Jumamosi nitaanza kufua pete ya beringi, ambayo kwa kawaida huwa na kaboni karibu asilimia 1 na kromi karibu asilimia 1.5, nikiijaribu kwa mti uleule na pembe ileile.